Koti la Kwenda kwa Shangazi

Fundi alikuwa amefua kila nguo ya Kengele kwa miaka thelathini na moja, isipokuwa koti moja tu.

Kengele halikuwa jina la kuzaliwa. Watu walimpa kwa sababu ya sauti, maana alipofungua kinywa hata waliokaa viti vya mwisho karibu na choo walisikia kila neno. Aliimba, alichekesha, aliiga sauti za wakubwa na za wake zao. Nyimbo zake zilijulikana mpaka na watoto waliozaliwa baada ya yeye kuacha kusafiri, kwa sababu mama zao waliziimba wakiosha vyombo. Fundi ndiye aliyemshonea. Alimbana suruali alipokonda, akamwachia mshono alipoota kitambi, na kila baada ya onyesho alikusanya nguo zenye jasho kwenye kapu lake, akaenda nazo nyumbani, akazirudisha zimenyooka kama karatasi. Mume alikuwa amemzika zamani, mtoto hakujaliwa. Kazi hiyo ilimtosha.

Lile koti lilikuwa na msumari wake peke yake, nyuma ya mlango wa chumba cha kuvalia. Lilikuwa la kitambaa kizito, rangi ya udongo, limechakaa viwiko, na lilinuka farasi: jasho la farasi, nyasi kavu, karoti iliyosahauliwa mfukoni. Kila mwaka Fundi alilinyooshea mkono, na kila mwaka Kengele alimzuia.

"Hilo la kwenda kwa Shangazi. Liache."

"Linatembea lenyewe sasa, Bwana Kengele. Juzi limenisalimia."

"Ukalijibu?"

"Nikalijibu. Nikaliambia likaoge."

"Ndiyo maana halikupendi," Kengele alisema, akalivaa, akaenda zake.

Hakuwahi kumweleza sababu, naye Fundi hakuwahi kuuliza. Aliona ni yale yale ya wasanii, huyu hapandi jukwaani bila soksi nyekundu, na yule hataki kutakiwa heri.

Shangazi alikuwa farasi. Jike la kahawia, lenye doa jeupe kwenye paji la uso, na aliitwa hivyo kwa sababu tangu akiwa mdogo alimkagua kila aliyeingia bandani kama shangazi aliyekuja kukagua jiko la mke wa mpwa wake. Marehemu mke wa Kengele, enzi za uchumba, alikaa miezi miwili akimpa mchumba wake kikapu cha matunda ampelekee shangazi yake mgonjwa nje ya mji. Matunda yaliliwa na shukrani zililetwa. Siku alipopelekwa kutambulishwa, akamkuta shangazi ana miguu minne. Alinuna wiki nzima, halafu akakubali kuolewa.

Mapenzi hayo Kengele alikua nayo. Baba yake aliendesha gari la farasi la kiwanda cha mikate, na yeye utotoni alilala mchana juu ya magunia ya pumba, akisikiliza farasi wakitafuna. Wimbo wake wa kwanza kabisa alimwimbia farasi mzee aliyeogopa radi. Alipoanza kupata, wenzake walinunua magari, yeye akanunua farasi, mmoja baada ya mwingine, wengi wao wakiwa wale ambao wenyewe walikuwa hawawataki tena. Hakuwapeleka mashindanoni. Aliwapiga brashi, akawaimbia, akakaa nao. Jumatatu, siku ambayo kumbi hufungwa, usingempata mahali pengine.

Baba yake alimwachia mambo mawili juu ya farasi. La kwanza, farasi husalimiwa kwa pumzi: unasogea taratibu, unampulizia puani polepole, naye anakupulizia, basi mmejuana. La pili, farasi anapofika mwisho wake, kamba hushikwa na yule aliyemvisha kamba ya kwanza. Haachiwi mgeni.

Hili la pili Kengele alilivunja mara moja. Alikuwa safarini na maonyesho, farasi wake mweupe akavunjika mguu, akamalizwa akiwa ameshikwa na mtu aliyekuja kushusha nyasi. Fundi alikuwapo habari ilipofika. Kengele alipanda jukwaani jioni ile, akachekesha ukumbi mzima, akashuka, akaketi na lile koti mapajani bila kulivaa.

"Huyu Shangazi," alimwambia Fundi, "sitamwacha na mgeni. Hata niwe wapi."

Sasa Shangazi alikuwa na miaka thelathini, na macho yake yalikuwa yamezimika tangu miaka minne iliyopita. Na Kengele hakuwa na sauti.

Ugonjwa ulimkamata kooni. Alikaa hospitali miezi mitano. Madaktari walikata ile sehemu inayotoa sauti, wakamwachia tundu dogo chini ya koo la kupumulia. Hewa haikupita tena puani wala kinywani. Hakuweza kusema, hakuweza kupiga mluzi, hakuweza kuzima mshumaa, na hakuweza kunusa. Chakula sasa ni kama kutafuna godoro, aliandika. Alikuwa na daftari dogo lililofungiwa penseli kwa uzi, na uzi wenyewe ulitoka kwenye kopo la Fundi.

Fundi alimshonea skafu saba, moja kwa kila siku ya wiki. Zilikuwa za pamba laini, tabaka tatu, ili hewa ipite na vumbi lisipite, na macho ya watu yasipite pia. Hilo la macho ndilo Kengele alilolitaka zaidi. Mbali na binti yake na wauguzi, hapakuwa na mtu aliyeliona lile tundu. Hata siku ya kupimwa, Fundi aliambiwa azungushe utepe huku akitazama dirishani, naye akatazama dirishani, akapima kwa vidole.

Jumatatu binti wa Kengele alikuja nyumbani kwa Fundi moja kwa moja kutoka duka la dawa alikofanya kazi, koti jeupe bado mwilini, mkononi ana mfuko.

"Mama Fundi, saisi amenipa hili. Anasema baba alivae Alhamisi."

Saisi ndiye mtunza farasi, mzee mfupi mwenye miguu ya upinde, aliyekaa na Shangazi miaka yote. Ndani ya mfuko lilikuwamo lile koti.

"Alhamisi ndiyo siku yenyewe?" Fundi aliuliza.

"Ndiyo yenyewe. Daktari wa wanyama hawezi kungoja zaidi. Miguu ya Shangazi imekwisha, Mama. Wiki iliyopita ameanguka mara tatu, majirani ndio wamekuja kumwinua kwa kamba. Baba anatoka hospitali Jumatano, na anasema lazima amshike mwenyewe. Ameandika ukurasa mzima, halafu akaupigia mstari chini."

"Na vumbi la bandani? Na tundu lile?"

"Daktari wake amekataa. Nimemwomba nusu saa tu." Binti alikaa kwenye kigoda. Alikuwa amechoka usoni kama mtu aliyebeba maji kutwa. "Nisipompeleka atakwenda kwa miguu."

"Atakwenda, namjua. Saisi hakusema lolote zaidi?"

"Alivae tu. Alikuwa na haraka, farasi alikuwa ameanza tena kulala chini."

Binti alipoondoka, Fundi alilitoa koti mfukoni, akalikung'uta mara moja. Vumbi lililotoka lilimkohoza yeye mwenye koo zima. Akafikiria lile tundu asiloruhusiwa kuliona. Akafikiria pia kwamba Kengele anakwenda kuagana, na mtu haendi kuaga mpenzi wake wa miaka thelathini akiwa amevaa gunia.

Akalifua.

Maji ya kwanza yalitoka meusi kama ya kuoshea sufuria. Maji ya pili yalitoka rangi ya chai. Ya tatu yalitoka safi, na katika hayo akatia ile sabuni ya maji yenye harufu ya maua, aliyoitunza kwa ajili ya suti za jukwaani. Alisugua kola kwa brashi ya kucha. Aligeuza mifuko nje, akatoa makombo ya karoti yaliyokauka kama changarawe na kishungi cha singa za farasi. Alilianika kivulini lisipauke. Jumanne alitia viraka vya viwiko kwa ndani visionekane, akabadili vifungo viwili, akalipiga pasi mpaka mikono ikawa na mkunjo mmoja ulionyooka. Miaka thelathini na moja alikuwa akilingoja koti lile. Aliliinua kwenye mwanga akajisikia vizuri, akasema peke yake chumbani, "Haya, sasa nisalimie."

Alhamisi asubuhi alikwenda nalo nyumbani kwa Kengele. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amenyolewa, amefungwa skafu ya kijivu. Alikuwa amekonda, mabega yametoka kama kiango cha nguo. Fundi alilikunjua koti mbele yake.

Kengele alilitazama muda mrefu. Alishika mkono wa koti, akapitisha kidole gumba juu ya ule mkunjo wa pasi, kuanzia begani mpaka kwenye kifundo. Akaliweka puani kwa mazoea, kisha akakumbuka, akalishusha. Fundi alidhani amefurahi mpaka ameishiwa la kuandika.

Akachukua daftari. *Limekuwa la bwana harusi. Asante, Fundi.*

Kisha akauweka mkono wake juu ya mkono wa Fundi, akauacha pale kidogo. Hakuwa mtu wa kufanya hivyo.

Banda lilikuwa ukingoni mwa mji, limepakana na kiwanda cha mbao. Saa nne za asubuhi msumeno ulikuwa tayari unalia upande wa pili wa ukuta. Saisi aliwangoja langoni, ameshika kofia mkononi. Alikuwa ametandaza nyasi safi na kumwaga maji sakafuni kuua vumbi, na kwenye mlango wa banda alikuwa ameweka kiti chenye mto.

"Karibu, ndugu yangu," alisema. "Leo kwa mara ya kwanza tangu nikujue nitapata nafasi ya kuongea."

Kengele aliandika, akamwonyesha. *Ongea upesi. Nikipona, zamu yangu.*

"Huponi wewe. Mungu amechoka na kelele zako."

Kengele alicheka. Mabega yalitikisika, skafu ikatikisika, lakini haikutoka sauti yoyote, na saisi alitazama pembeni mpaka kicheko kikaisha. Kisha akamkumbatia. Hapo ndipo Fundi alipoiona sura ya saisi juu ya bega la Kengele. Pua yake ilikuwa kwenye kola. Tabasamu lilimtoka usoni kama limefutwa kwa kitambaa.

Kengele alipotangulia na binti yake kwenda mlangoni, saisi alibaki nyuma.

"Nani amelifua?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi. Maji matatu."

Saisi aligeuza kofia yake mikononi. "Limetakata, Mama," alisema. "Kazi nzuri." Akainama, akaenda zake akiburuta miguu.

Ndani, daktari wa wanyama alikuwa ameshaandaa sindano zake juu ya sinia lililofunikwa taulo. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye mabuti ya mpira na sauti ya upole. Shangazi alikuwa amesimama kwenye kona, magoti yamevimba, mgongo umebonyea, macho yake meupe kama maziwa. Fundi alikuwa hajawahi kuingia humo. Miaka yote alikuwa anaogopa farasi, tangu farasi wa polisi alipomtafunia utepe wa nywele akiwa mtoto. Alisimama nje ya kizuizi cha mbao, ameshikilia mkoba wake kifuani.

Kengele aliingia, akashika ncha ya kamba iliyokuwa kichwani mwa Shangazi. Alikwenda kama alivyokwenda siku zote, bila haraka, bega mbele.

Shangazi aliinua kichwa. Pua zikatanuka. Akavuta hewa ndefu, masikio yakalala nyuma, akageuka akamwelekezea matako.

Kengele alizunguka. Farasi naye akazunguka, akijikokota, kwato zikiteleza kwenye sakafu yenye maji. Kengele alinyoosha mkono, mkono wenye harufu ya hospitali. Shangazi alitupa kichwa juu hivi kwamba kamba ilimkwangua mzee kiganja.

"Ananiogopesha," daktari alisema. "Mzee hana nguvu za kumzuia. Akianguka vibaya ataanguka naye. Saisi, njoo umshike wewe."

Kengele aliinua kidole kimoja: ngojeni.

"Ana nini?" Fundi alimuuliza saisi. "Mbona anamkataa? Si ni yeye?"

"Haoni, Mama," saisi alisema. "Miaka minne anamjua kwa sauti na kwa koti. Sauti ndiyo hiyo imekwenda. Koti nililitundika mlangoni kwake miezi yote mitano, kila asubuhi analinusa, ndipo anakula. Nilitaka amjie nalo hivyo hivyo." Akaona uso wa Fundi. "Kosa ni langu. Sikumweleza binti vizuri. Nilikuwa nimeshika kamba mkono mmoja, naongea mdomo upande."

Fundi aliona tena maji ya kwanza, meusi, yakimwagika mtaroni. Aliyamwaga mwenyewe. Halafu akakumbuka kidole gumba juu ya mkunjo wa pasi, kikishuka taratibu. Alijua. Kengele alijua tangu asubuhi, akaandika asante, akamshika mkono, akalivaa, akaja.

Pale ndani Kengele alikuwa anajaribu tena. Alimsogelea Shangazi upande wa shingo, akasimama, akaweka uso wake karibu na pua za farasi, na akafanya alivyofundishwa na baba yake. Alikunja midomo akapuliza. Mashavu yalitaka kujaa yakakataa. Hakuna kilichotoka. Shangazi alinusa ile midomo isiyo na pumzi, akanusa sabuni ya maua, akakoroma na kurudi nyuma mpaka ukutani.

"Samahani, Mzee," daktari alisema. "Naomba umpe saisi."

Kengele hakusogea. Alipuliza tena. Alikuwa analia sasa, machozi yanateremka na kifua kinapanda na kushuka, bila sauti, kama mtu anayelia nyuma ya kioo.

Na Fundi, ambaye kazi yake yote ilikuwa kutazama nguo zinavyokaa mwilini, aliiona skafu ya kijivu. Kila Kengele alipokunja midomo, kitambaa kilifura pale katikati, chini ya koo, kikatulia, kikafura tena. Pumzi ilikuwapo. Ilikuwa inatoka pale, inaishia kwenye tabaka tatu za pamba alizozishona yeye kwa mkono wake.

Aliweka mkoba chini. Alifungua kizuizi, akaingia bandani kwa viatu vyake vya kanisani, akapita pembeni mwa mnyama mkubwa kuliko kabati. Akasimama nyuma ya Kengele, akashika fundo la skafu.

Kengele alimdaka mkono. Alitikisa kichwa, hapana. Macho yake yalikwenda kwa daktari, kwa saisi, yakarudi.

"Niache, Bwana Kengele," Fundi alisema. "Mimi ndiye niliyekufunika. Sitazami. Naangalia dirishani."

Hapakuwa na dirisha upande ule. Palikuwa na ukuta wa mbao tu, naye akautazama. Akahisi ule mkono wa Kengele unalegea, kidole kwa kidole.

"Baba, vumbi," binti yake alianza kusema, akapiga hatua moja, kisha akasimama, akaziba kinywa chake kwa mkono.

Skafu ilifunguka. Fundi aliendelea kutazama ukuta, lakini alisikia: pumzi ndogo yenye mkwaruzo, inatoka na kurudi. Pumzi ya Kengele, ya ndani kabisa, ambayo hakuna aliyekuwa ameilowesha kwenye sabuni. Akasikia kwato moja ikisogea. Kisha ya pili. Kisha kukawa kimya, hata msumeno wa jirani ulikuwa umenyamaza kwa muda, na ndani ya kimya hicho akasikia pumzi mbili, moja nyembamba na moja pana, zinapokezana.

Alipogeuka, Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, pua yake imekaa pale pale chini ya koo, kwenye lile tundu. Masikio yalikuwa mbele. Kengele alikuwa amefumba macho, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine umepotea ndani ya singa.

Walikaa hivyo muda mrefu. Daktari hakuharakisha mtu. Saisi alivaa kofia akaivua, akavaa tena. Kengele alipofungua macho, alimtazama daktari akaitikia kwa kichwa.

Sindano ya kwanza ilikuwa ya kumtuliza. Kichwa kilizidi kuwa kizito juu ya bega la mzee, na lile koti safi likalowa udenda mpaka kwenye mfuko. Ya pili ikafuata. Shangazi alikunja magoti polepole, kama bibi anayekaa chini kwa tahadhari, na Kengele akashuka pamoja naye, bila kuiachia kamba. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Fundi aliyemjua tangu ujana aliyatambua maneno bila kuyasikia. Ulikuwa ule wimbo wa farasi anayeogopa radi.

Daktari alipiga magoti, akasikiliza kwa kipimo chake, akasema, "Amekwenda." Kisha akaivua glavu yake, akampangusa Kengele nyasi shingoni kwa kitambaa safi, pembeni mwa tundu, taratibu, na hakuna aliyekuwa amemwomba.

Fundi alileta skafu. Kengele alitikisa kichwa. Alitoka nje shingo wazi, akimwegemea saisi, akapita mbele ya mafundi wa mbao waliokuwa wamejipanga ukutani kumlaki msanii wao. Mmoja alikuwa ameshaanza kupiga makofi. Alipoona, mikono ilimbaki hewani, kisha akaishusha, akavua kofia yake yenye unga wa mbao. Wengine wote wakavua zao.

Ndani ya gari Fundi aliketi nyuma, na maneno yakamtoka vipande vipande. "Nisamehe, Bwana Kengele. Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

Alisubiri penseli imalize. *Ulikuwa umefurahi sana*, Kengele aliandika. Kisha akageuza ukurasa. *Na lilikuwa linanuka kweli.*

Jumamosi Fundi alikwenda na kapu lake kukusanya nguo, kama kawaida. Koti lilikuwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, kwenye msumari mpya. Kola ilikuwa na singa, bega lina alama nyeupe ya udenda uliokauka. Alikusanya mashati, akakusanya mashuka, akalipita. Kengele alimwita kwa kugonga kitanda. Akamwonyesha daftari.

*Bado lina harufu yake?*

Yeye mwenyewe hakuweza kujua. Fundi aliweka kapu chini. Akalisogelea lile koti alilopigana nalo miaka thelathini na moja, akashika kola kwa mikono miwili, akaingiza uso wake mzima.

"Lina," alisema. "Tena limejaa."

Kengele alifumba macho, akatulia.

Ikawa ndiyo desturi yao. Kila Jumamosi aliuliza, na kila Jumamosi Fundi alinusa, akamweleza kwa urefu kadiri alivyoweza: leo jasho linazidi nyasi, leo kuna karoti kwa mbali, leo ni Shangazi mwenyewe amekasirika. Kengele alisikiliza kama alivyosikilizwa yeye zamani. Wiki zilivyokwenda alizidi kupungua, kikohozi kilikuja na hakikuondoka. Daktari alisema ni ugonjwa wenyewe umerudi, si vumbi la siku ile. Binti alimwamini. Fundi alijaribu.

Na harufu nayo ilikuwa inapungua. Wiki ya tano alilazimika kuitafuta chini ya kola. Wiki ya saba aliipata kwenye mshono wa kwapa tu, nyembamba kama uzi. Wiki ya tisa alipoingiza uso wake akavuta hewa mpaka kifua kikauma, alikuta maua. Sabuni yake ya maua, basi.

Alibaki ameficha uso ndani ya kitambaa muda kidogo. Nyuma yake alisikia pumzi ya Kengele kitandani, ile yenye mkwaruzo, ikingoja. Hakuwa na nguvu tena za kushika penseli. Daftari lilikuwa limefunguliwa kwenye ukurasa ule ule wa zamani, na kidole chake kilikuwa juu ya swali.

"Bado," Fundi alisema, ndani ya koti. "Bado yupo, Bwana Kengele. Ndiyo kwanza ametoka kula."